Kijiji cha kale cha wavuvi husomwa kutoka majini

Mgeni anayekwenda kwa gari kutazama kijiji cha kale cha wavuvi hufikia juu. Anaegesha ukingoni mwa jabali, anatazama chini, anaona nyumba zimebanana ndani ya ufa wa mwamba, na anajiuliza ni nani aliyechagua kujenga pale. Juu alipo kuna uwanda tambarare. Kule chini hakuna hata pa kugeuzia mkokoteni. Swali ni zuri ila limeulizwa mahali pasipofaa. Barabara ndiyo iliyokuja mwisho. Kwa karne nyingi mlango wa mbele wa kijiji ulikuwa bahari, na kila kitu mle, kuanzia upana wa kichochoro hadi mlango ulio darini, kilipangwa kwa ajili ya chombo kinachoingia na samaki anayekaribia kuharibika.

Kwa hiyo siku bahari imetulia, teremka hadi mwisho wa gati, geuka utazame nchi kavu, na uanze kusoma kutoka hapo.

Kwa nini hapa, si ng'ambo ya rasi

Bahari haiipigi pwani ya majabali kwa usawa. Wimbi linapokaribia nchi kavu, sehemu yake inayopita kwenye kina kifupi hupunguza mwendo, na ile iliyo kwenye kina kirefu huendelea na kasi yake. Hapo mstari mzima wa wimbi hupinda. Kwenye rasi, kupinda huko hukusanya nguvu kutoka pande zote mbili. Ndani ya ghuba huitawanya. Tena nguvu ya wimbi hukua kwa mraba wa kimo chake: wimbi la mita 4 lina nguvu mara nne ya wimbi la mita 2, wala si mara mbili. Hivyo hatua mia chache kutoka ncha ya rasi hadi pembe ya ghuba zinaweza kutenganisha mahali pa kuvunjikia chombo na mahali pa kukifunga.

Ghuba peke yake haitoshi. Tafuta kijito. Katika pwani za majabali karibu kila kijiji cha wavuvi kina kijito, kwa sababu kijito ndicho kilichokata mwanya kwenye ukuta wa mwamba, ndicho kilichowapa watu maji ya kunywa na ya kuoshea samaki, na bonde lake ndilo lililokuwa njia pekee ya kupandisha mzigo kwa punda.

Bonde hilohilo ndilo hatari kubwa ya kijiji, na wageni wengi hawaifikirii kwa kuwa macho yao yako baharini. Mvua kubwa ikinyesha kwenye uwanda wa juu, maji yote hukusanyika ndani ya mfereji mwembamba wenye mteremko mkali na kufika kijijini kwa muda mfupi, yakiwa yamebeba miti na mawe. Lynmouth, katika pwani ya Devon nchini Uingereza, ilipoteza watu 34 kwa mafuriko ya namna hiyo Agosti 1952. Boscastle, katika pwani ya Cornwall, ilifurika tarehe 16 Agosti 2004. Magari yalisukumwa hadi baharini na watu wakaokolewa kwa helikopta kutoka juu ya mapaa, na kwa bahati hakufa mtu. Vernazza ya Italia ilijaa matope na mawe tarehe 25 Oktoba 2011. Pale Vernazza kijito kilikuwa kimefunikwa na kugeuzwa kuwa barabara kuu. Ukifika kijiji chochote cha aina hii, uliza kijito kiko wapi. Kama hukioni, huenda umekisimamia. Na siku ambayo mvua kubwa imetabiriwa bara, usiache gari kwenye maegesho ya chini hata kama bandarini jua linawaka.

Kupwa na kujaa ndiko kulikochora nyumba

Linganisha vijiji viwili vilivyo mbali kabisa. Ine, katika mkoa wa Kyoto nchini Japani, ina mabanda ya vyombo yapatayo 230 yaliyopangwa kuizunguka ghuba. Huitwa funaya. Sakafu ya chini ni mteremko wa mawe unaoingia moja kwa moja majini, chombo huvutwa ndani ya nyumba, na juu yake kuna chumba. Kibanda cha namna hii kingebomolewa au kubaki kikavu kwenye pwani nyingine nyingi. Pale kinawezekana kwa sababu katika Bahari ya Japani tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa kwa kawaida haifiki nusu mita, na ghuba ya Ine inatazama kusini huku kisiwa kidogo cha Aoshima kikiziba mdomo wake.

Sasa nenda Clovelly, Devon, ambako siku za bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 6. Hapo hakuna nyumba inayoweza kugusa maji yakiwa juu na yakiwa chini pia. Gati la mawe hupinda kama mkono kulinda vyombo, nyumba zinapanda kilima kando ya njia moja ya mawe yenye mteremko mkali kiasi kwamba hadi leo magari hayaingii na mizigo huburutwa kwa sleji, na bandari yenyewe hukauka mara mbili kwa siku. Bandari inayokauka huamua hata umbo la chombo: kinahitaji mikuku miwili ya pembeni, yaani mihimili miwili chini ya chombo, au magongo mawili ya kukiegemeza, la sivyo kitalala ubavu kila maji yakitoka. Ukiona vyombo vimesimama wima juu ya tope, inama utazame chini yake. Utaona kimojawapo kati ya hivyo viwili.

Pasipo na bandari kabisa, chombo chenyewe hubeba kazi ya bandari. Katika pwani ya kaskazini mashariki ya Uingereza, huko Staithes na vijiji vya jirani, mashua iitwayo coble ina omo, yaani sehemu ya mbele, yenye kina na makali, lakini tezi yake, sehemu ya nyuma, ni bapa. Huletwa ufukweni kinyumenyume: tezi hupanda mchangani kwa urahisi na omo hubaki ikiyakabili mawimbi. Anayeona mashua zimeelekezwa baharini asidhani zimepangwa hivyo kwa ajili ya picha.

Katika sehemu kubwa ya Mediterania, ambako maji hayapwi kiasi cha kutambulika kwa macho, tatizo si kupwa bali ni dhoruba kwenye ghuba ndogo isiyo na kinga. Ndiyo sababu pale Manarola, katika pwani ya Cinque Terre, vijiji vitano vya Italia, mashua huinuliwa kutoka majini kwa winchi na kupangwa barabarani mbele ya milango ya watu. Tukiwa hapo, ni haki kusema kwamba Cinque Terre si vijiji vya wavuvi kwa kiwango kinachotangazwa. Tazama mlima: ngazi baada ya ngazi za kuta za mawe makavu, kazi ya vizazi vya wakulima wa zabibu. Corniglia, mojawapo ya vile vitano, iko juu ya jabali karibu mita 100 kutoka usawa wa bahari. Anayepanda kutoka kituo cha treni hukanyaga vidato 382. Hakuna mvuvi angepandisha samaki huko kila siku kwa hiari yake.

Samaki ndiye aliyepanga uwanja

Baada ya kujua chombo kinaingiaje, uliza samaki alifanywaje ndani ya saa chache za kwanza. Kabla ya barafu na majokofu kulikuwa na njia tatu kuu: kukausha, kutia chumvi na kuvuta kwa moshi. Kila njia iliacha umbo lake kwenye ardhi.

Lofoten, kaskazini mwa Norwei, ilitegemea upepo. Chewa wa Atlantiki hushuka kutoka Bahari ya Barents kuja kutaga mayai huko kati ya Januari na Aprili. Hukatwa kichwa, hutumbuliwa, hufungwa wawili wawili mkiani na kutundikwa kwenye chanja kubwa za miti bila chembe ya chumvi. Hukaa hapo hadi majira ya kuchipua yanapokwisha, na takriban kilo 5 za samaki mbichi huishia kilo 1. Mpango huu unasimama juu ya hali ya hewa iliyo nyembamba sana: joto lichezee karibu na sifuri. Baridi ikizidi, barafu hupasua nyama na samaki huwa kama sifongo. Joto likizidi, nzi hutaga na nyama huoza kabla ya kukauka. Kwa hiyo angalia chanja zimewekwa wapi. Nyumba zimejificha nyuma ya mwamba, lakini chanja ziko uwanjani penye upepo mtupu.

Chini, kando ya maji, ziko rorbu, vibanda vya wavuvi vilivyosimama juu ya nguzo. Jina linatokana na kupiga makasia na makazi, kwa kuwa walilala humo wavuvi waliotoka mbali kwa msimu huo tu. Mfalme Øystein wa Norwei ndiye anayehesabiwa kujenga vya kwanza karibu na Kabelvåg, mwaka 1120 hivi. Nyingi zinazoonekana leo ni mpya, za wageni. Njia rahisi ya kuzitofautisha ni dirisha. Kioo kipana kinachotazama bahari kiliwekwa na mtu anayetaka mandhari. Mvuvi aliyekuwa nje tangu alfajiri alitaka ukuta mzito upande huo, na dirisha dogo la kutosha kuona kama hali ya hewa inageuka.

Kusini, katika Cornwall, sadini walikuwa na mafuta mengi mno kukaushwa kwa upepo, hivyo kila kijiji kilijenga maghala ya chumvi. Haya yanastahili muda wako kuliko kitu kingine chochote kijijini, kwa sababu mengi yamegeuzwa kuwa nyumba na alama zake hupitwa bila kutazamwa. Tafuta uwanja wa ndani uliozungukwa na kuta pande nne, wenye sakafu ya kokoto za pwani iliyolala kuelekea mfereji mmoja. Wanawake walipanga samaki kwa tabaka, samaki na chumvi, samaki na chumvi, na rundo likakaa karibu mwezi mzima. Kisha samaki walioshwa na kupangwa kwenye mapipa, kila pipa likichukua takriban samaki 3,000.

Sasa tazama ukutani. Juu kidogo ya kimo cha pipa kuna safu ya matundu yaliyoachwa makusudi ndani ya mawe, yakifuatana kwa umbali unaolingana. Ncha ya mti mrefu iliingizwa kwenye tundu, mti ukapita juu ya kifuniko cha pipa, na kwenye ncha ya pili likatundikwa jiwe la mviringo lenye kulabu ya chuma. Ni wenzo tu, ila ulikandamiza polepole kwa siku kadhaa bila mtu kuugusa. Mafuta yalichuruzika, yakafuata mfereji hadi kwenye shimo, yakauzwa kwa ajili ya taa. Samaki aliyebaki alisafirishwa kwa meli, zaidi kwenda Italia. Yale mawe yenye kulabu bado yapo. Mengine yanazuia milango isifungwe na upepo, mengine yako bustanini, na wenye nyumba si wote wanaojua yalikuwa ya nini.

Juu ya maghala hayo kulikuwa na dari za nyavu. Nyavu za pamba na katani huoza zikikaa na unyevu, kwa hiyo zilichemshwa mara kwa mara ndani ya dawa ya rangi ya kahawia inayotokana na mti wa jamii ya mgunga, kisha zikaanikwa. Mlango ulio juu ukutani usio na ngazi, na boriti inayochomoza juu yake, ni pa kupandishia nyavu. Nailoni ilipoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kazi yote hiyo ilikwisha na dari zikawa vyumba.

Kilichoviacha vibaki vya kale

Vijiji hivi havikuhifadhiwa kwa mapenzi ya mtu. Viliachwa. Reli ilipofika pwani katika karne ya 19, samaki alianza kufuata bandari yenye kituo. Cinque Terre iliunganishwa kwa reli mwaka 1874, na daraja lililoingiza treni Cornwall lilifunguliwa 1859. Meli za mvuke zilihitaji kina ambacho bandari inayokauka haina. Bandari kubwa zikakua, ndogo zikakosa fedha za kubomoa na kujenga upya, ndipo kuta zile za zamani zikabaki. Kwingine samaki mwenyewe aliisha: tarehe 2 Julai 1992 Kanada ilifunga uvuvi wa chewa katika pwani ya Newfoundland, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi.

Vingine viliangushwa na uamuzi uliofanyika mbali. Hallsands, Devon, ilisimama juu ya ukingo wa mwamba uliokingwa na ufukwe mpana wa changarawe. Kuanzia 1897 changarawe ile ilichimbwa chini ya maji mbele ya kijiji kwa ajili ya upanuzi wa bandari ya jeshi la wanamaji huko Devonport, kwa hoja kwamba bahari ingeirudisha. Haikuirudisha, kwani ilikuwa akiba iliyoachwa tangu bahari ilipopanda mwishoni mwa zama za barafu, na hapakuwa na chanzo kingine cha kuilisha. Ufukwe ukashuka kwa mita kadhaa. Uchimbaji ulisimamishwa 1902, lakini Januari 1917 dhoruba ya mashariki ikaja wakati wa maji makubwa na kuvunja karibu nyumba zote. Watu walitoka hai. Magofu yanaonekana mpaka sasa kutoka jukwaa la juu, na ufukwe uliopotea ni funzo kwa yeyote anayeangalia ukuta wa bahari bila kuangalia kilicho mbele yake.

Crovie, kaskazini mashariki mwa Uskoti, inaonyesha jinsi watu walivyojikinga pasipo na ufukwe mpana. Nyumba ziko safu moja chini ya kilima, na nyingi zimeelekeza baharini ubavu wao mfupi ili upepo na mawimbi vipate ukuta mdogo wa kupiga. Mbele yake kuna njia ya miguu tu; mizigo huenda kwa toroli. Hata hivyo dhoruba ya tarehe 31 Januari 1953 iliharibu sehemu kubwa, na baadhi ya familia hazikurudi.

Siku ya kwenda, na saa ya kurudi

Chagua siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Ni bamvua: maji yakitoka, misingi ya kale, miteremko ya kushushia vyombo na pete za chuma hufichuka, yakijaa, utaona bandari ikifanya kazi. Siku za maji mafu, maji yanapopanda na kushuka kidogo tu, huoni ncha yoyote kati ya hizo mbili. Mahali pamoja, maji makavu ya bamvua huangukia karibu saa zilezile kila mara, kwa hiyo ukishajua saa ya sehemu hiyo unaweza kupanga safari miezi kabla. Kutoka kujaa hadi kujaa ni kama saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku huchelewa karibu dakika 50.

Kosa linalowanasa watu chini ya majabali ni kudhani maji hupanda kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti ya kujaa na kupwa kwa 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 6 na maji yamekauka saa 4 asubuhi, hadi saa 6 mchana yatakuwa yamepanda mita 1.5 tu. Saa mbili zinazofuata yanapanda mita 3. Anza kutembea ufukweni maji yanapotoka, na geuka kabla hayajaanza kurudi. Hakikisha pia jedwali limeandikwa kwa saa ya majira gani, kwani mengine hayahesabu saa ya kiangazi. Upepo wa kutoka baharini huongeza maji, na kila hektopaskali 1 ya kanieneo ya hewa inayopungua huongeza takriban sentimita 1; kipimo cha 980 badala ya 1013 ya kawaida ni sentimita 33 ambazo jedwali halizijui.

Kwenye mawe, soma rangi. Chini kabisa ni mwani, juu yake vijumba vidogo vigumu vilivyogandamana na mwamba, kisha mstari mweusi kama lami, kisha utando wa njano na kijivu. Ule weusi huonyesha bahari inafika wapi, na ukilowa unateleza kuliko barafu. Peggy's Cove, Kanada, huwaonya wageni wasikanyage mawe meusi, na onyo hilo linafaa pwani zote. Mawimbi makubwa huja kwa makundi. Dakika kumi za utulivu hazithibitishi chochote.

Njia ya juu nayo hudanganya kwenye ramani. Hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 10 zenye mabonde matano ya mita 80 ni saa 2 na dakika 40 bila mapumziko, na anayetumia umbali pekee atachelewa. Njia ya pwani ya kusini magharibi mwa Uingereza ina kilomita 1,014 na jumla ya mita 35,000 za kupanda, ingawa haivuki mlima hata mmoja wa maana. Kaa mbali na ukingo hasa baada ya mvua. Nyasi mara nyingi huning'inia pasipo na udongo chini yake.

Bandarini, usikanyage kamba wala usisimame ndani ya kitanzi chake: kamba iliyolala tope huvutwa ghafla chombo kinapoelea. Usikalie mitego ya kamba-koche, na mteremko wa vyombo uuache wazi hata kama hakuna mtu. Bandari inayokauka hupokea vyombo saa mbili au tatu kabla na baada ya maji kujaa. Fika wakati huo ukitaka kuona samaki wakishushwa. Mousehole, Cornwall, ina mifuo miwili mirefu iliyochongwa kwenye ncha za kuta za bandari yake, na majira ya baridi magogo mazito huteremshwa humo, moja juu ya jingine, hadi mdomo uzibe. Ukikuta kazi hiyo inafanyika, vyombo vimeshaingia au vimeshakwenda kwingine, na gati si mahali pa kusimama tena hadi magogo yatakapotolewa.